Kupiga rangi gari la zamani kwa bei nafuu: kazi inayofanyika kabla ya spreya

Katika miji yetu, gari la miaka 20 au 25 halimshangazi mtu. Toyota Corolla ya miaka ya 1990 bado inabeba abiria Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na injini yake inavuta vizuri. Kinachoonyesha umri ni bodi: boneti iliyopauka kwa jua, paa linalobanduka maganda, mikwaruzo milangoni na kutu inayochungulia chini ya milango. Mwenye gari anapouliza bei ya kupiga rangi upya, hupata majibu yanayomchanganya. Fundi mmoja anataja kiasi fulani, wa pili anataja mara mbili yake, wa tatu mara nne, na wote wanazungumzia gari lile lile.

Katika makala haya tunaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, kazi gani mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe ili apunguze gharama, na kazi gani asiiguse. Tunaeleza pia hatari mbili ambazo hazitajwi sana gereji: kutu inayofichwa chini ya rangi mpya, na afya ya wanaopiga msasa na kupuliza.

Unalipia nini hasa?

Watu wengi hudhani wanalipia rangi. Ukweli ni kwamba kwa gari dogo la watu watano, sehemu ya nje peke yake kwa kawaida humaliza lita 3 hadi 4 za rangi iliyokwisha kuchanganywa, na kuipuliza ni kazi ya saa chache. Kinachokula siku ni kilichotangulia: kuosha, kufungua taa na vitasa, kunyoosha palipobonyea, kukata kutu, kupiga pati, kupiga msasa, kupuliza praima, kupiga msasa tena, kisha kufunika vioo na matairi. Fundi anayetaja bei ya chini sana mara nyingi hajapata rangi ya bei rahisi kuliko wenzake. Amepunguza siku za maandalizi.

Kuna sababu ya kitaalamu inayofanya maandalizi yawe na uzito huo. Rangi ya gari ni nyembamba mno. Rangi ya kiwandani, matabaka yake yote yakiwekwa pamoja, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kitu chembamba hivyo hakiwezi kujaza mkwaruzo wala kusawazisha bonde. Tena rangi mpya inang'aa, na mng'ao huo huonyesha kila wimbi la bodi ambalo rangi ya zamani iliyopauka ilikuwa imelificha. Ndiyo maana gari lililopigwa rangi haraka linaweza kuonekana vizuri likiwa mbali, lakini ukilisogelea unaona vishimo, mistari ya msasa na mpaka wa pati.

Anza na ukaguzi, wala si na rangi

Kabla ya kununua hata karatasi moja ya msasa, lizunguke gari mchana, kwenye mwanga mzuri, ukiwa na daftari na sumaku ndogo. Ifunge sumaku kwa kitambaa laini isikwaruze, kisha ipitishe taratibu kwenye fenda, sehemu ya chini ya milango na pembeni mwa matao ya matairi. Sumaku hushika chuma. Pale inapolegea au kuanguka pana pati nene, au hapana chuma kabisa. Bampa za plastiki hazihesabiwi, na gari lenye sehemu za alumini au faiba halipimwi kwa njia hii.

Kisha tazama kutu. Kuna za aina tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kutu ya juu, ile ya rangi ya chungwa iliyotokea pale rangi ilipokwaruzwa. Ukiisugua kwa msasa inaondoka na chuma kinabaki kizima.

Ya pili ni kutu ya magamba. Rangi imeinuka kama malengelenge, na ukiikwangua inatoka vipande vipande huku chuma kikibaki na vishimo. Hii huhitaji kusuguliwa hadi kwenye chuma cheupe, kisha dawa ya kutu na praima maalumu.

Ya tatu ni kutu iliyokwisha kutoboa. Ukisukuma kwa ncha ya bisibisi, inapita. Hapo hakuna dawa wala pati itakayosaidia. Ni kukata kipande kibovu na kuchomelea bati jipya.

Magari yanayoishi pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara pamoja na visiwani Unguja na Pemba, yanahitaji ukaguzi wa makini zaidi kwa sababu hewa ya chumvi huharakisha kutu. Lala chini utazame kingo zilizo chini ya milango, sakafu, chesisi, sehemu ambako springi na shokapu hushikizwa, na pale mikanda ya usalama ilipofungwa. Sehemu hizi si za urembo. Ndizo zinazoshikilia gari lisikunjike linapogongwa, na ndizo zinazomzuia abiria asirushwe mbele. Ukikuta zimeoza, fedha ulizotenga kwa rangi zipeleke kwanza kwa mchomeleaji. Gari lililopauka lakini lenye sakafu nzima ni salama kuliko gari linalong'aa lililojazwa pati, gazeti na waya chini ya milango. Gari la namna hiyo tumezoea kuliona likiuzwa kwa bei nzuri kwa mnunuzi asiyelala chini kutazama.

Jua rangi iliyopo

Rangi mpya hukaa juu ya rangi ya zamani, na si kila rangi inapatana na nyingine. Magari mengi yaliyotoka nje yakiwa na rangi yake ya kiwandani yana rangi ngumu iliyookwa kwenye joto. Lakini gari lililopita mikononi mwa wamiliki watatu wanne huenda limepigwa rangi mara kadhaa, pengine kwa rangi inayokauka kwa hewa tu bila hadina.

Kuna jaribio rahisi. Chagua mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya kifuniko cha mafuta ikiwa napo palishapigwa rangi. Lowanisha kitambaa cheupe kwa thina, kiweke juu ya rangi kwa nusu dakika, kisha sugua. Kama kitambaa kinabaki safi au kinachafuka kidogo sana, rangi ni ngumu na itabeba rangi mpya bila shida ikipigwa msasa. Kama rangi inayeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, au inajikunja kama ngozi, ni rangi dhaifu. Ukipuliza juu yake rangi ya hadina, thina iliyomo ndani inaweza kuingia chini na kuikunja yote. Mwambie fundi matokeo ya jaribio hili kabla hajataja bei. Huenda rangi hiyo ikalazimika kuondolewa yote au kuzibwa kwa praima inayofaa.

Tazama pia paa na boneti. Pale tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, limebanduka kwa jua, si sahihi kupuliza juu ya maganda. Lazima lisuguliwe hadi pale ambapo klia bado imeshika, na mpaka kati ya palipobanduka na palipo pazima ulainike hadi kidole kisiuhisi.

Kazi unayoweza kufanya mwenyewe

Mwenye gari mwenye muda na subira anaweza kufanya sehemu kubwa ya maandalizi nyumbani. Lakini zungumza kwanza na fundi atakayepuliza. Mafundi wengi hawapendi kupokea gari lililoandaliwa na mtu mwingine, na wana sababu: rangi ikibanduka, lawama ni yao. Muulize anataka ufikishe kazi hadi hatua gani, umalizie msasa namba ngapi, na kitu gani usikiguse. Kwa jumla, kuosha, kufungua vitu na kusugua rangi ya zamani ni kazi zako. Kuchomelea, kunyoosha, kupiga pati kubwa, praima na rangi yenyewe mwachie fundi.

Kuosha kabla ya kusugua

Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloharibu kazi nyingi. Gari huoshwa na kuondolewa grisi kabla ya msasa, si baada ya msasa tu. Bodi ikiwa na grisi, lami, nta au dawa za kung'arisha, msasa huzisaga na kuzisukuma ndani ya mikwaruzo, na hapo kuzitoa ni shida.

Osha gari lote kwa maji na sabuni ya vyombo, ikiwemo chini ya matao ya matairi, kwenye mifereji ya buti na pembezoni mwa milango. Suuza kwa maji mengi na uache likauke. Kisha tumia dawa ya kuondoa grisi inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Shika vitambaa viwili safi: kimoja kimelowana dawa, kingine kikavu. Pangusa eneo dogo kwa kitambaa chenye dawa, kisha lipanguse kwa kile kikavu kabla dawa haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, grisi iliyoyeyushwa inarudi pale pale.

Usitumie petroli. Inaacha mafuta kwenye bodi, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu.

Adui mwingine ni silikoni, iliyomo katika dawa nyingi za kung'arisha dashibodi na matairi. Chembe chache zikibaki kwenye bodi, rangi mpya huzikimbia na kuacha vishimo vya mviringo mithili ya macho. Kuanzia siku unapoamua kupiga rangi, acha kabisa dawa hizo, na waambie vijana wa kuosha magari nao wasizitumie.

Kufungua badala ya kufunika

Kila kitu kinachoweza kufunguliwa kifunguliwe: taa, shoo, saiti mira, vitasa, nembo, vibao vya namba, mipira ya milango na urembo wa pembeni. Fundi akifunika kitasa kwa tepu badala ya kukifungua, rangi itaishia kwenye ukingo wa tepu, na ukingo huo ndio mahali pa kwanza rangi itakapoanza kubanduka.

Weka skrubu za kila kitu kwenye mfuko wake na uandike jina juu yake. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Klipu za plastiki za gari la zamani huvunjika kirahisi, kwa hiyo tenga fedha kidogo za kununua nyingine, iwe Kariakoo au kwenye duka lolote la vipuri karibu nawe. Kioo cha mbele kilichogundishwa usikitoe mwenyewe. Kama kuna dalili ya kutu chini ya mpira wake, mwite fundi vioo, kwa sababu kutu ya hapo huleta maji ndani kila mvua inaponyesha.

Msasa na namba zake

Namba ya msasa inaeleza ukubwa wa chembe zake. Namba ndogo ni chembe kubwa zinazokata sana, na namba kubwa ni chembe ndogo zinazolainisha. Utaratibu ni kuanzia chini na kupanda hatua kwa hatua, kila msasa ukifuta mikwaruzo ya uliotangulia. Ukiruka kutoka namba 80 hadi 400, mikwaruzo ya 80 inabaki, na itaonekana wiki chache baada ya rangi kukauka na kusinyaa.

Kwa gari la kawaida, mpango ni huu:

Namba 80 ni ya kutoa kutu na kuipa pati umbo.

Namba 150 hadi 180 ni ya kusawazisha pati.

Namba 240 hadi 320 ni ya kulainisha ukingo wa pati na rangi ya zamani kabla ya praima.

Namba 400 ni ya kusugua rangi ya zamani iliyo nzima, mpaka mng'ao wote uishe.

Namba 600 ni ya kusugua praima kwa maji kabla ya rangi ya kawaida, na 800 kabla ya rangi yenye chembe za fedha.

Funga msasa kwenye kibao au kipande cha mpira kigumu. Ukisugua kwa vidole vitupu, vidole huchimba mifereji ambayo haionekani hadi rangi ing'ae. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haihitaji kutolewa hadi kwenye chuma. Ni msingi mzuri kuliko chochote utakachoweka mahali pake. Kinachotakiwa ni kuifanya iwe butu kila mahali, hasa kwenye pembe na mifereji, kwa sababu rangi mpya haishiki pale palipobaki na mng'ao.

Kutu, pati na unyevu

Chuma kilichosuguliwa hadi kuwa cheupe hakitakiwi kulala wazi. Katika hewa yenye unyevu, kama ya Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, kutu nyepesi inaweza kuonekana kufikia asubuhi. Kwa hiyo usisugue gari lote hadi kwenye chuma wikendi moja kisha ukasubiri nafasi ya fundi mwezi ujao. Sugua kiasi unachoweza kukipiga praima siku hiyo hiyo. Praima ya epoksi ndiyo inayofaa zaidi juu ya chuma kitupu. Praima za kawaida zinazopulizwa ili kusawazisha bodi hupitisha unyevu, na gari lililoachwa nazo likizunguka mjini miezi mitatu linaweza kuota kutu chini yake bila mtu kujua.

Pati, ambayo Kenya wengi huiita fila, ni ya kusawazisha, si ya kujenga. Bonde lazima kwanza linyooshwe kwa nyundo na chuma cha kuegemezea, hadi pati itakayohitajika isizidi milimita 3 hivi. Ikiwa nene zaidi, hupasuka kwa mtikisiko wa barabara na kwa chuma kutanuka na kusinyaa kwenye jua. Hadina yake ni asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa pati. Baadhi ya mafundi huongeza ili ikauke haraka, na matokeo yake ni madoa ya njano au ya waridi yanayojitokeza baadaye juu ya rangi nyeupe. Pati husuguliwa ikiwa kavu. Inanyonya maji kama sifongo, na maji hayo yakifungiwa chini ya rangi huleta malengelenge na kutu mpya.

Kujua kama bodi imenyooka, mafundi wazuri hupuliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi juu ya praima, kisha huisugua kwa kibao. Pale nyeusi inapobaki ni bonde. Pale praima inapotoboka upesi ni mlima. Ukimwona fundi wako akifanya hivyo, una sababu ya kumwamini.

Bampa za plastiki zina utaratibu wake. Plastiki nyingi za bampa hazishiki rangi ya kawaida bila praima maalumu ya plastiki. Kama gari lako limebanduka rangi kwenye bampa tu, bodi ikiwa nzima, hiyo ndiyo sababu inayowezekana zaidi.

Kuchagua rangi

Njia rahisi kuliko zote ya kupunguza gharama ni kubaki na rangi ile ile. Ukibadilisha, itabidi kupiga rangi ndani ya milango, ndani ya buti na kuzunguka injini, la sivyo kila mlango ukifunguliwa gari litaonekana la rangi mbili. Tena rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya gari, ambayo Kenya ni kitabu cha umiliki. Anayebadilisha rangi anatakiwa kurekebisha taarifa hizo, Tanzania kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na Kenya kwa mamlaka ya usafiri, NTSA. Kampuni ya bima nayo ijulishwe.

Namba ya rangi ya kiwandani imo kwenye kibati cha gari. Kwenye Toyota nyingi kibati hicho kipo ukutani mwa injini au kwenye nguzo ya mlango, na namba hufuata herufi C/TR. Kwa mfano, 040 ni ile nyeupe inayoonekana kwenye magari mengi barabarani. Mpe muuza rangi namba hiyo, lakini kwa gari lililopauka mpelekee pia kipande halisi, kama kifuniko cha mafuta, alinganishe.

Kama unaweza kuchagua, nyeupe ya kawaida ndiyo nafuu kuliko nyingine. Haihitaji klia juu yake, inaficha mawimbi madogo ya bodi, na ikikwaruzwa ni rahisi kurekebishwa. Nyeusi inaonyesha kila kosa. Rangi zenye chembe za fedha au lulu huhitaji tabaka la rangi na tabaka la klia, na zikikwaruzwa kulinganisha kiraka na bodi ni kazi ngumu hata kwa fundi hodari.

Makubaliano na fundi

Migogoro mingi kati ya wenye magari na gereji huanza kwa makubaliano ya mdomo. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha. Iandikwe mambo haya:

Sehemu zipi zitapigwa rangi, na kama ndani ya milango pamo.

Nani ananunua rangi, ni ya aina gani, na kama ina hadina. Ukinunua mwenyewe, yaone makopo yakifunguliwa na uulize kilichobaki kiko wapi. Lita moja ya akiba itakufaa siku utakapokwaruzwa.

Kutu iliyotoboa itakatwa na kuchomelewa, haitazibwa kwa pati. Omba uione bodi kabla ya praima kupulizwa. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayeona kilicho chini.

Malipo kwa awamu: sehemu ya kwanza ya vifaa, ya pili baada ya wewe kukagua praima, ya mwisho gari likikabidhiwa.

Muda wa kumaliza, na nini kitafanyika rangi ikibanduka ndani ya miezi kadhaa.

Kabla ya kuchagua fundi, mwombe akuonyeshe gari alilolipiga rangi mwaka mmoja au miwili iliyopita. Kila gari hupendeza siku ya kwanza. Jua na mvua za misimu miwili ndizo zinazotoa ushahidi. Tazama pia anapopulizia. Si lazima awe na chumba cha kisasa chenye joto, lakini awe na mahali palipozibwa upepo, sakafu inayomwagiwa maji kutuliza vumbi, na kompresa yenye kichujio cha maji. Siku ya mvua au yenye unyevu mwingi ni bora kuahirisha, kwani unyevu hufanya baadhi ya rangi zipate ukungu mweupe zinapokauka.

Afya ya anayefanya kazi

Kazi hii ina sumu. Rangi za miaka ya zamani zinaweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana tunashauri kusugua kwa maji pale rangi ya zamani ilipo, isipokuwa kwenye pati na kwenye chuma kitupu. Vaa barakoa inayobana uso, usisugue kwenye uwanja wanakochezea watoto, na usikung'ute nguo za kazi ndani ya nyumba. Tope la msasa lisimwagwe karibu na kisima au bustani ya mboga.

Rangi na klia zinazochanganywa na hadina zina hatari nyingine. Hadina nyingi zina kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo zinaweza kumsababishia mpulizaji pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani au barakoa ya vumbi havizuii chochote. Kinga iliyo bora ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na kwa uchache kabisa barakoa yenye vichujio vya kemikali ambavyo havijaisha muda. Hii ndiyo sababu ya pili ya kumwachia fundi mwenye vifaa kazi ya kupuliza, badala ya kukodi spreya na kujaribu mwenyewe uani. Vijana wanaojifunza kazi gereji nao wanastahili kinga hiyo. Bei nafuu isitokane na mapafu yao.

Baada ya rangi

Gari likitoka kwa fundi, rangi imekauka kwa kuguswa lakini bado haijakomaa. Kwa wiki za mwanzo lioshe kwa maji matupu na kitambaa laini, usilipake nta kwa takriban mwezi mmoja, na usiliegeshe chini ya mwembe au mti wenye ndege wengi. Kinyesi cha ndege na utomvu huchoma rangi changa. Rudisha mipira ya milango iliyo mizima, na uzibue matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango, kwani hayo yakiziba kutu huanzia ndani na kutoka nje.

Mwishowe, pima matarajio yako kulingana na fedha zako. Kama bajeti haitoshi kwa gari zima, ni afadhali kulipia kazi kamili ya kutu na chuma mwaka huu, ukaacha gari na praima ya epoksi iliyofunikwa kwa rangi ya kawaida kwenye sehemu hizo, kisha ukakamilisha rangi mwaka ujao. Gari litakuwa na viraka kwa muda, lakini chuma chake kitakuwa kizima, na fundi atakayelipokea mwaka ujao hatakuwa na sababu ya kukutoza kwa kazi ya kurudia.